Mitambo au Vumbi

Daktari alikuwa kijana bado, na kwa ujana wake alisema mambo bila kuyapaka mafuta. Aliinua picha ya kifua cha baba akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akatuonyesha mahali palipofifia, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Makovu, alisema. Yanaweza kuwa ya zamani, ya moshi na masizi ya kazini, na kama ni hayo basi yameshakaa, hayana haraka ya kwenda popote. Au yanaweza kuwa ya vumbi analovuta sasa, kila siku, pale anapoishi, na kama ni hayo yataendelea kuongezeka.

"Mzee alikuwa anafanya kazi gani?" akaniuliza mimi.

Baba akajibu mwenyewe. "Umeme."

"Fundi wa kuunganisha majumbani?"

"Siyo kuunganisha. Kuuzalisha," baba akasema, akajiweka sawa kwenye kiti.

Daktari akaandika. Kisha akatueleza jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile. "Kama ni vumbi la hapa, mhamisheni. Mpelekeni mahali penye unyevu, penye miti. Kama ni moshi wa zamani, kumhamisha mzee wa umri huu ni kumsumbua bure, mwacheni alipozoea. Mimi kwa picha hii siwezi kusema ni lipi kati ya hayo mawili. Kuna mtu nyumbani anayeelewa mazingira anayoishi?"

Baba alinigeukia akitabasamu, kama mtu ambaye kuku wake ameanza kutaga mbele ya wageni. "Huyu hapa," akasema. "Binti yangu ni injinia wa hewa."

Sijawahi kutamani kuwa mwalimu wa chekechea kama nilivyotamani wakati ule.

Umeme huo baba aliuzalisha katika jumba la mitambo la kiwanda kimoja cha kukamua alizeti, nje ya mji wa Dodoma. Siku zile umeme wa gridi ulikuwa wa kubahatisha, unakuja ukipenda na kuondoka bila kuaga, kwa hiyo mwenye kiwanda alinunua mitambo yake mikubwa ya dizeli akaipanga ndani ya jumba la bati. Baba akawa mmoja wa waendeshaji. Aliingia pale akiwa kijana kutoka kijiji cha Buigiri mwenye Kiswahili cha darasani na kiatu kimoja kizuri, maana cha pili kilikuwa na tundu. Akatoka mzee. Alirudi nyumbani akinuka dizeli, na sisi watoto tulidhani hiyo ndiyo harufu ya akina baba wote duniani.

Kila Jumamosi mama alinituma nimpelekee chakula, ugali wa uwele na mlenda katika bakuli lililofungwa kitambaa. Ndani sikuruhusiwa kuingia kwa sababu ya kelele. Baba alitoka nje, akanawa, na kabla hajamega tonge alininyooshea kidole juu kwenye mabomba ya moshi.

"Tazama. Mtambo unasemaje leo?"

Nikajifunza lugha hiyo kabla sijajua kuandika vizuri. Moshi mweusi, mtambo umelemewa au umekosa hewa. Moshi wa bluu, unakula oili. Moshi mweupe, bado una baridi, au dizeli inapita bila kuungua. Na kama juu ya bomba huoni kitu isipokuwa hewa inayotetemeka kwa joto, basi mtambo ni mzima, na baba anaweza kula kwa raha. Nilipenda sana Jumamosi za hewa inayotetemeka, kwa sababu siku hizo alinibakizia.

Kwa hiyo watu wanaponiuliza ni nani alinishauri kusoma uhandisi mitambo, huwa sina jibu la maana. Hakuna aliyenishauri. Nilikuwa nimeshaanza masomo nikiwa na bakuli mkononi. Nilikwenda chuo Dar es Salaam, nikatokwa jasho kwa joto na kwa hesabu, nikarudi Dodoma na cheti, nikaajiriwa kwenye kiwanda kilekile, ndani ya jumba lilelile. Nilivaa ovaroli iliyoshonwa kwa kipimo cha mwanaume, nikakunja mikono na miguu nikaonekana kama mtoto aliyejaribu nguo za kaka yake. Wanaume walioniona nikileta mlenda sasa walitakiwa kupokea maagizo yangu. Mbele yangu waliniita Injinia. Nyuma yangu waliniita mtoto wa fundi, na sikuwalaumu, kwani ndivyo nilivyokuwa.

Baba alikuwa amebakiza muda kidogo kabla ya kustaafu, na muda huo ulinichanganya kuliko kazi yenyewe. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo mbele ya wenzake. Hakuitikia. Alivua kofia yake ya kazi akasema, "Habari za asubuhi, Injinia." Nilidhani ananitania. Jioni nyumbani nilipomwamkia aliitikia marahaba vizuri, akaniambia, "Kule ni kazini. Mkubwa wa kazini anasalimiwa na wadogo wake." Basi ikawa hivyo. Asubuhi nilikuwa mkubwa wake, jioni nikawa mwanawe, na katikati, wakati wa kula mchana, hakuna hata mmoja wetu aliyejua nani amkaribishe mwenzake.

Halafu mambo yakabadilika. Gridi ya taifa ikaimarika, umeme wa maji ukafika kwa wingi, na mitambo ya dizeli ikawa inawashwa kwa dharura tu. Baba alikuwa ameshastaafu; nashukuru hakuiona ikikaa kimya. Wakati huohuo mwenye kiwanda akatakiwa athibitishe kwamba mabomba yake, hata yakitumika kwa nadra, hayachafui hewa ya majirani. Kazi hiyo hakuna aliyeitaka. Haikuwa na spana wala oili, ilikuwa ya kupima vitu visivyoonekana na kubishana na watu wanaoonekana. Nikapewa mimi, kwa sababu mitambo imelala na mwanamke, walisema, ni mvumilivu. Waliosema hivyo hawajawahi kunikuta kwenye foleni ya maji.

Nilipelekwa mafunzo. Nikarudi na kipimahewa, kisanduku cheupe juu ya miguu mitatu kinachovuta hewa na kuhesabu chembechembe zilizomo, kisha kinachora mstari kwenye simu: hewa ikichafuka mstari unapanda, ikitulia unashuka. Na nilirudi na habari mbaya. Chembe ndogo kabisa, zinazoingia ndani kabisa ya mapafu, jicho halizioni. Moshi mweusi ni mbaya, ndiyo, lakini ile hewa inayotetemeka niliyoipenda nayo ina mambo yake.

Nilimweleza baba siku hiyohiyo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo nisipoona kitu, ndipo kuna kitu?"

"Inawezekana, baba."

"Na nikiona?"

"Napo kipo."

"Basi ulisomea nini?" akauliza, na hakuwa anatania.

Kusema kweli swali hilo nilikuwa najiuliza pia. Nilikuwa mtu wa mitambo. Ukigeuza nati, kitu kinakaza au kinalegea. Sasa nilikuwa nimeingia kwenye kazi ambayo jibu la kila swali lilianza na "inategemea". Mbaya zaidi, pale kiwandani kulikuwa na fumbo lililoninyima raha. Nilisimamisha kipimahewa kwenye uzio, na siku za kawaida mstari ulikuwa mzuri. Lakini kila wakaguzi wa mazingira walipotangaza kuja, asubuhi ile ile mstari ulipanda juu, hata kama mitambo ilikuwa imezimwa na bomba ni baridi. Wakaguzi walinitazama kwa jicho la kuuliza ninawaficha nini. Niliwaambia ni upepo. Mara nyingine nikasema ni barabara, ni magari yao wenyewe, ni jirani anachoma makapi. Nilipoishiwa visingizio nilisema sijui, na wakaandika sijui yangu kwa kalamu nyekundu.

Huyo ndiye injinia wa hewa ambaye baba alimwonyesha daktari kwa fahari.

Tulirudi kwa bajaji hadi Mkonze, ninapoishi naye tangu mama alipofariki. Tunaishi wawili tu. Watu wa kanisani walishachoka kuniuliza habari za mume, nami nilishachoka kuwajibu. Tulipokaribia nyumbani baba akasema, "Nikiwa ni wa vumbi, napelekwa Morogoro."

"Ndiyo, baba."

"Na nikiwa ni wa mitambo?"

"Unabaki hapa."

Nilimwona akiligeuzageuza jambo hilo kama mtu anayekagua spea ya bandia. Morogoro yupo mdogo wangu wa kiume, kwenye kijani na mvua, ana nyumba nzuri na mke mwema. Lakini mama amezikwa Buigiri, na baba huenda kila akipata nafasi kung'oa majani juu ya kaburi lake na kukaa kidogo. Huko Buigiri akishuka tu barabarani watu wanamsalimu "Mbukwa!" naye anaitikia kwa Kigogo, mgongo unanyooka. Morogoro nani atamsalimu hivyo? Kwa hiyo hakutaka kwenda. Ila ili asiende, ilibidi mitambo iwe na hatia. Na mitambo ile ndiyo iliyomlisha, ikanisomesha mimi na mdogo wangu, na hajawahi kuizungumzia vibaya hata siku moja.

"Basi pima," akasema.

Mdogo wangu hakuhitaji kupimiwa. "Dada, vumbi la Dodoma hata mimi mwenye kifua kizima linaninyima pumzi," alisema kwenye simu. "Mlete mzee. Chumba nimeshakipaka rangi." Tukakubaliana: nitapima hewa ya nyumbani kwa majuma kadhaa, kisha nitampigia. Nikisema ni vumbi la hapa, atakuja kumchukua. Nikisema ni mitambo, atamwacha. Aliniamini. Ni mtu wa benki, anaamini kila kitu kinachotoka kwenye mashine.

Nikaomba ruhusa kazini, nikakileta kipimahewa nyumbani.

Baba alikipokea getini. Alishika mguu mmoja wa kile kisanduku akautikisa kama anayempa mtu mkono. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, na nikacheka, naye akacheka mpaka akakohoa. Alichagua mwenyewe pa kukiweka, kando ya kichanja cha mzabibu wetu. Akauliza kinakula nini. Nikamwambia jua. Akauliza kama kinaweza kuachwa nje peke yake na kuku, nikamwambia kimeshakutana na wakaguzi, kuku hawakitishi.

Siku za kwanza nilipata matumaini. Ulikuwa msimu wa upepo, ule unaokuja na vumbi jekundu ukalilaza juu ya vikombe hata kabatini, nami nilitegemea makubwa. Mchana mstari ulipanda na kushuka kama wa mahali pengine popote mjini, siyo wa kusifiwa, siyo wa kukimbiwa. Lakini kila alfajiri, wakati upepo wenyewe haujaamka, mstari ulisimama wima, ukakaa juu kwa muda, kisha ukashuka. Alfajiri! Wakati ambao hewa ya Dodoma ni baridi na tulivu kuliko saa zote. Nikaukazia macho nisielewe. Kama kila siku mzee anaamkia hewa ya namna ile, basi daktari ameshajibiwa, na mdogo wangu awashe gari.

Niliamua kwamba kuna mtu. Mimi nikiwa sielewi huwa naanza kwa kukasirika, kuelewa kunafuata baadaye. Nilianza na jirani wa nyuma, mama mmoja mwimbaji wa kwaya, ambaye nilimtuhumu kuchoma takataka kabla watu hawajaamka. Alinisikiliza, kisha akaniambia kwa sauti ya upole ya watu wa sauti ya kwanza, "Mama, mimi nachoma Jumamosi jioni, tena huwa nakuita uniletee za kwako." Ilikuwa kweli. Baadaye nilimpelekea papai bila kueleza la nini. Nikahamia kwa bodaboda wanaowasha pikipiki pale kona, nikahamia kwa jirani anayejenga na kuchekecha mchanga. Hakuna aliyeanza kazi alfajiri.

Nilimuuliza hata baba. Yeye huamka mapema kuliko wote. "Alfajiri hujaona moshi popote? Au vumbi?"

"Hapa alfajiri?" akashangaa. "Hapa alfajiri ni pasafi kabisa." Akasema hivyo kwa kujivuna kidogo, na sikujiuliza kwa nini mtu ajivunie alfajiri.

Mwishowe niliamua kuvizia. Siku hiyo niliamka kabla ya jogoo, nikasimama nyuma ya pazia la sebuleni nikiwa na simu mkononi ili nimkamate mhalifu na mstari wake kwa pamoja.

Mlango wa baba ukafunguka. Akatoka amevaa ile kofia ya kazini, ambayo sikujua kwamba bado anayo. Akachukua fagio la vijiti lililoegemezwa ukutani, akainama, akaanza kufagia uwanja. Alianzia ukutani, akaenda kwa mistari iliyonyooka, na alipofika kwenye kipimahewa akapunguza mwendo. Akafagia kwa kukizunguka, pole pole, mguu baada ya mguu, karibu kabisa. Vumbi jembamba likapanda likatulia hewani kwenye mwanga wa kwanza, na yeye akiwa katikati yake. Alipomaliza alitoa kitambaa mfukoni akafuta kisanduku juu, akasimama kando, akakohoa kwa muda mrefu akiwa ameshika goti. Kwenye simu yangu mstari ulikuwa umesimama wima.

Sauti ile ya fagio nilikuwa nikiisikia kila siku nikiwa kitandani. Nimeisikia maisha yangu yote. Ni nani Tanzania hii asiyeamshwa na fagio? Huwezi kuisikia, kama usivyosikia jokofu la nyumbani kwako. Nilimtafuta mchafuzi mtaa mzima, na sikuwahi kufikiri kwamba kufagia ni kuchafua. Mganga hajigangi, lakini angalau mganga anajua anaumwa.

Palepale nyuma ya pazia fumbo la kiwandani likafunguka lenyewe. Wageni wanakuja, unafanya nini? Unafagia. Wakaguzi walipotangaza kuja, kiwanda kizima kiliamkia mafagio, na mahali palipofagiliwa kwa bidii kuliko pote ni pale penye kipimahewa. Tuliwachafulia hewa kwa heshima. Nilianza kucheka. Kisha nikakumbuka kwamba mdogo wangu anangoja jibu, na kicheko kikaisha.

Wanaume wa rika la baba hawashiki fagio nyumbani. Yeye alilileta kutoka kazini. Kule kwenye jumba la mitambo kazi ya kwanza ya kila zamu ilikuwa kufagia kuuzunguka mtambo, kwa sababu mchanga ukiingia ndani unaua. Mama alipokuwa hai, baba alimwachia uwanja. Mama alipofariki akaanza yeye, na tangu hapo hajaacha. Na sasa binti yake ameleta mtambo nyumbani, mtambo unaovuta hewa. Angeuachaje kwenye uchafu?

Nilimweleza tukinywa chai. Sikujua namna ya kulisema vizuri, kwa hiyo nililisema vibaya. Nikamwonyesha mstari kwenye simu, nikamwambia hapa ndipo unaposhika fagio, hapa ndipo unapoliweka.

Alitazama kwa muda. "Kwa hiyo vumbi ni mimi," akasema.

"Siyo hivyo, baba."

"Ndivyo inavyosema mashine yako." Akasukuma kikombe. "Sasa hilo ni vumbi la hapa, au ni langu? Maana nikienda Morogoro nitafagia kulekule."

Yeye akaendelea, na wala hakuwa anabishana, alikuwa anatafuta njia pamoja nami. "Na kule jumbani nilikuwa nafagia masizi na mchanga pamoja. Nilikuwa navuta vyote pamoja. Hapo utasema ni mitambo au ni vumbi?"

Nimekaa katika mikutano ya watu wenye shahada za kuning'inia ukuta mzima na sijawahi kuulizwa swali lililonifunga hivyo. Sikujua. Nilitegemea mashine inichagulie kati ya mambo mawili, na sasa sikuwa na uhakika hata kama yalikuwa mawili. Nilihisi kizunguzungu cha mtu aliyeshuka ngazi akidhani bado kuna kipandio kimoja. Nilimwomba, kwa sasa, aache kufagia. Nikamwambia tukinyunyizia maji kwanza, vumbi halipandi, watu wa pwani ndivyo wanavyofanya. Akanitazama kwa huruma. "Maji ya mgao, uimwagie ardhi ya Dodoma? Haitashiba hiyo."

Akaacha.

Mstari wa alfajiri ukalala. Kila asubuhi nilifungua simu nikaona hewa nzuri, na kila asubuhi nilifungua dirisha nikaona uwanja umejaa majani ya mzabibu, vinyesi vya kuku na mifuko ya plastiki iliyoletwa na upepo kutoka kwa majirani. Baba alikaa kwenye kiti chake barazani na kofia yake magotini, akiuangalia. Hakulalamika. Mama wa kwaya alipita akaulizia kama mzee anaumwa zaidi, maana uwanja umelala bila kufagiwa. Nikajaribu kufagia mimi mwenyewe, nimejifunga khanga puani, yeye nikiwa nimemfungia ndani. Nilisikia akigonga dirisha. "Pale umeacha," alinionyesha kwa kidole. "Na pale." Hata nilipofagia tena, palibaki.

Na kikohozi? Kikohozi kilikuwa kilekile. Hakikupungua, hakikuongezeka. Daktari nilipompigia alisema majuma machache hayawezi kuonyesha kitu, huenda ikachukua muda mrefu, huenda tusijue kabisa. Nilimshukuru. Nilitaka kumtukana, lakini hakuwa na kosa, alikuwa katika kazi ya inategemea kama mimi.

Mdogo wangu alipiga simu Jumapili baada ya ibada. Tulikuwa barazani, mimi nachambua mchicha, baba kwenye kiti chake. Niliiweka simu sauti ya wazi kwa sababu mikono yangu ilikuwa na maji.

"Dada, shikamoo. Baba, shikamoo. Haya, mashine imesemaje?"

Ukweli ni kwamba mashine ilikuwa imesema mambo mengi. Imesema kwamba bila fagio, hewa ya uwanja wetu ni kama ya jirani, na ya jirani ni kama ya mji. Imesema kwamba mzee anayefagia anavuta vumbi lake. Kuhusu makovu haikusema neno, kwa sababu haina macho ya kuona ndani ya kifua cha mtu wala masikio ya kusikia zamu zake zilizopita. Miaka yangu yote katika kazi hii sijawahi kutoa namba ambayo sikuiona. Wakaguzi wamenipa kalamu nyekundu kwa sababu hiyo. Nilimtazama baba. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono yote miwili na hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anautazama uwanja.

"Imesema ni mitambo," nikasema.

"Una uhakika?"

"Injinia ni nani kati yetu?"

"Haya, dada," akasema, na nilisikia kwamba ameumia, kwa ajili ya kile chumba alichokipaka rangi. "Basi abaki. Baba, utabaki huko huko."

Hadi leo sijui kama nilidanganya. Huenda nilisema kweli kwa bahati, kama mtu anayebahatisha jibu la mtihani. Nikiwa kazini najiambia ni uongo, nikiwa Buigiri nimesimama kando ya baba anayeng'oa majani najiambia ni kweli, na sijapata mahali pa katikati pa kusimama. Uwanja tumerudi kuufagia baadaye, yeye na kitambaa chenye maji puani, mimi na maji ya kuoshea vyombo nikinyunyizia mbele yake. Kipimahewa nimekirudisha kazini.

Lakini siku ile, simu ilipokatika, nilingoja afurahi. Kama angepiga hata kofi moja la furaha ningeridhika. Abaki na kaburi lake, na mzabibu wake, na watu wa kumwita kwa lugha yake. Nilikuwa nimempa vyote hivyo kwa maneno matatu. Aliigeuza kofia akaifuta vumbi kwa kiganja, mbele, nyuma, akaiweka tena gotini.

"Mitambo yetu?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

Akatikisa kichwa taratibu. Alipozungumza, ilikuwa kwa sauti ya mtu anayemwombea radhi ndugu yake mbele za watu.

"Haikukusudia," akasema.